Ndege Asiyelia Jumamosi

Siku hizi nikipita mtaani kwetu Mpemba vijana wa bodaboda huniita Kwiyo, nami huitika, kwa sababu nimegundua kwamba jina la aibu ukilikataa linakaa mara mbili ya muda ambao lingekaa ukiliitikia. Nilikuwa nimepanga kutolieleza jambo hili kwa mtu yeyote. Lakini kwa kuwa kila mtu analieleza, tena kwa kuongeza chumvi (nimesikia toleo moja ambalo ndani yake nilipiga magoti nikalia, jambo ambalo halikutokea), ni bora nilieleze mwenyewe, kwa mpangilio, nikianza na kosa lenyewe, ambalo lilikuwa neno moja tu.

Mimi ni fundi mizani. Kibanda changu kiko Tunduma mjini, jirani na wauza nafaka, na kazi yangu ni kurekebisha mizani inayodanganya: inayopunguza, inayozidisha, na ile iliyokwama kwa kutu. Shule niliishia darasa la saba. Mengine nimejifundisha kwenye vitabu, kimoja baada ya kingine, na kitabu nikikianza sikiachi mpaka kiishe hata kikiwa kibaya. Kitabu cha ndege nilikinunua kwa Mzambia mmoja aliyekuwa ametandika mitumba chini, hakina jalada, kimeandikwa Kiingereza, na kukisoma na kamusi kulinichukua misimu miwili ya mvua. Mke wangu alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Watoto wetu wawili, mmoja yuko Dodoma na mwingine Mwanza, hupiga simu Jumapili jioni, tunaongea kama dakika nane, halafu nyumba inarudi kuwa kama ilivyokuwa. Nieleze tu kwamba asubuhi ukiamka na hakuna mtu wa kukuuliza umelalaje, unaanza kusikiliza vitu vya nje kwa makini ambayo hukuwa nayo zamani.

Mbele ya nyumba yangu kuna barabara kuu na foleni ya malori yanayokwenda mpakani. Nyuma kuna bonde. Linateremka taratibu hadi kwenye chemchemi, kuna mkuyu mmoja mkubwa upande wangu, halafu matete mengi, na ng'ambo ya matete ni bustani za mboga za watu wa upande wa pili, ambao kuwafikia kwa njia ya kawaida lazima uzunguke kwa barabara. Madaftari yangu ya ndege wa bonde lile yamefika manne. Shorwe nimemwandika, mnana nimemwandika, chozi wanaokuja kwenye maua yangu nimewaandika hadi saa wanazokuja, na kila mwaka mwezi wa kumi, miombo ya kule juu inapotoa majani mekundu kabla ya mvua, naandika wageni wanaofika na siku ya kufika kwao.

Alfajiri moja mwezi wa sita, mwaka wa nne sasa, nilisikia sauti kutoka kwenye matete. Kwi-yo, kwi-yo, kwi-yo, kwi-yo. Nikatazama saa. Ilikuwa kumi na moja na dakika thelathini na mbili. Nikafungua kitabu, nikasoma maelezo ya sauti za ndege wote wa matete, halafu wa misitu, halafu (kwa kukata tamaa) wa baharini. Hakuwemo.

Basi nikaanza kumfuatilia, na naomba mnielewe kwamba nilimfuatilia kwa uangalifu wote nilionao, maana hilo ndilo linalouma. Niliandika kwamba hulia alfajiri na pengine jioni. Niliandika kwamba hulia mfululizo, mara arobaini au hamsini, kisha hupumzika, kisha huanza tena. Niliandika kwamba sauti ni mbili, ya juu na ya chini, zinazopokezana bila kukosea, nikahitimisha kwamba ni dume na jike. Niliandika kwamba huja mwezi wa sita na kutoweka mvua za kwanza zikianguka, nikahitimisha kwamba ni mhamaji. Na niliandika, baada ya kulinganisha madaftari kwa majuma mengi, kwamba Jumamosi halii. Hilo lilinisumbua sana, mpaka nikapata maelezo: mwisho wa wiki malori huwa mengi barabarani, na ndege mwoga hunyamaza kwenye kelele. Lilikuwa elezo zuri. Nililipigia mstari.

Mtaniuliza kwa nini sikuteremka nikamwangalia. Niliteremka, mara mbili. Mara zote mbili nilipofika kwenye matete, majani yakilia chini ya viatu vyangu, sauti ilikatika ghafla na haikurudi mpaka nilipopanda tena nyumbani. Nikaandika: mwoga mno, asisumbuliwe. Chuma hakikunijia akilini hata kidogo (mimi ninayeshika chuma kikavu kila siku ya kazi), kwa sababu kitabuni kuna ndege mdogo wa kuenea kiganjani ambaye sauti yake ni kama nyundo ndogo ikigonga bati mchana kutwa, kwa hiyo masikio yangu yalikuwa yameshaambiwa kwamba hilo linawezekana.

Halafu, na hili sikuwahi kulisema popote, nilikuwa nampigia mluzi. Nilianza mwaka ule wa kwanza. Akinyamaza nilikuwa naweka mdomo dirishani, napiga mluzi mara mbili, fii-yu, fii-yu, naye baada ya sekunde chache anaanza tena. Kila siku, isipokuwa Jumamosi. Nikimpigia, ananijibu. Kisha naweka chai jikoni, na siku yangu inakuwa imeanza na mtu, kama naruhusiwa kusema hivyo.

Mwaka jana ikaja habari ya yadi ya malori. Foleni imekuwa ndefu, madereva hawana pa kulaza magari, na dalali mmoja wa viwanja, Mgode, mtu mcheshi mwenye sauti kubwa, alikuwa amepata watu wa kununua eneo lote kuanzia barabarani mpaka ng'ambo ya chemchemi, lifukiwe, limwagwe kokoto. Mkutano wa mtaa ulikuwa uamue. Aliyesimama kuipinga yadi ni Mwalimu Kibona, mwenyekiti wa kamati yetu ya mazingira, mwanamke wa Ileje, na kwao milimani chemchemi si kitu cha kuchezea. Alipanga matembezi ya mwezi wa kumi: alfajiri watu watazame ndege bondeni, jua likitoka watembezwe bustani za wakazi, mchango wao ununue miche na bikoni, zile nguzo za mpaka, za kuzungushia chemchemi, na kubwa zaidi, waje viongozi na afisa kutoka halmashauri waone kwa macho kabla ya mkutano.

"Lakini shorwe na mnana wako kila bonde," alisema kwenye kikao. "Afisa atauliza hapa kuna nini ambacho kwingine hakipo. Tumjibu nini?"

Mimi vikaoni huwa sisemi. Mwaka mzima huo nilikuwa nimesema maneno mawili, "nipo" na "naunga". Siku ile nikasimama.

"Kuna ndege," nikasema, "ambaye hayumo kitabuni."

Hapo ndipo palipoharibika. Ningesema "kuna sauti" ningekuwa nimesema kweli, na leo ningekuwa naitwa fundi kama zamani.

"Umemwona?" akauliza Mwalimu Kibona.

"Nimemfuatilia miaka mitatu." (Litazameni vizuri jibu hilo. Halina uongo hata kidogo, na wala si jibu.)

Watu walinigeukia. Walikuwa wanane tu, lakini ilikuwa muda mrefu tangu watu wanane wanitazame wakitaka niendelee kuongea, kwa hiyo niliendelea. Niliwaeleza dume na jike, niliwaeleza kuhama, niliwapigia sauti yenyewe. Mwalimu Kibona akawa anaandika. Alipopendekeza matembezi yawe Jumamosi, nikamwambia haitawezekana.

"Kwa nini?"

"Jumamosi halii."

"Halii?"

"Miaka mitatu hajalia Jumamosi hata moja."

Simbeye, mwenyekiti wetu wa mtaa, akacheka mpaka kofia ikamkaa upande. "Mulamu," akasema (mulamu ni shemeji, na kwetu huhitaji kuoa dada ya mtu ndipo akuite hivyo), "huyo ndege wako ana kalenda?"

Nikaeleza habari ya kelele za malori. Wakatikisa vichwa kwamba inaeleweka. Ikaandikwa kwenye muhtasari: Jumapili, alfajiri, kabla ya ibada.

Baada ya hapo mambo yalitoka mikononi mwangu, au tuseme niliyaacha yatoke. Mwalimu Kibona alichapisha karatasi ya kugawia wageni, yenye maelezo yangu neno kwa neno. Kisha wakaagiza ubao wa kusimika juu ya bonde, na mchoraji wa mabango akanifuata kibandani na kuniuliza ndege ana rangi gani. Nilikuwa na mizani ya mtu mkononi, imefunguliwa, springi iko nje. Nikamwambia, "Bado hajathibitishwa." Yeye akasema, "Basi kijani kitapendeza, na mdomo mwekundu." Nami nikainamia springi. Siku mbili baadaye ubao ulikuwa umesimama, BONDE LA NDEGE KWIYO, na ndege wa kijani mnene kama bata akinitazama kila nikitoka kazini. Nilianza kupita njia ya nyuma.

Jumapili yenyewe walikuja watu zaidi ya thelathini. Walikuja walimu, wanakwaya waliokuwa waende kanisani moja kwa moja wakiwa wamevaa sare zao, wageni kutoka Mbeya wenye darubini halisi (mimi natumia nusu ya darubini, upande mmoja umevunjika), na afisa wa halmashauri, kijana mpole mwenye koti. Mgode naye alikuja. "Nami napenda ndege," aliniambia akinishika bega, "hasa wa kuchoma." Nilikuwa nimevaa shati nililovaa mara ya mwisho kwenye mazishi ya mke wangu, maana ndilo zuri, na nilikuwa sijalala.

Tulisimama chini ya mkuyu, giza likianza kulainika. Niliwaeleza kwa kunong'ona, nao wakanong'onezana nyuma yangu, na mtu mmoja akapiga chafya akanyamazishwa na wote. Saa kumi na moja na nusu hakukuwa na kitu. Na dakika thelathini na tano hakukuwa na kitu. Basi nikafanya lile ambalo sikuwahi kulifanya mbele ya mtu: nikaweka mikono mdomoni nikapiga mluzi, fii-yu, fii-yu.

Kisha, kutoka kwenye matete: kwi-yo, kwi-yo, kwi-yo, kwi-yo.

Sitaisahau dakika ile. Wanakwaya walishikana mikono. Mwenyekiti Simbeye alivua kofia. Mgeni mmoja wa Mbeya aliinua simu kurekodi, na yule afisa akaninong'oneza, "Mzee, hii ni hazina." Mwalimu Kibona alinitazama, na niliona macho yake yana maji. Nilisimama pale nikafikiri: kumbe watu wote hawa wamekuja kumsikia yule ninayekunywa naye chai.

"Mimi nataka kumwona," akasema Mgode, kwa sauti ya kawaida.

"Usimsumbue," nikamnong'oneza. "Ni mwoga."

"Si tumekuja kuona? Kama ni kusikia tu ningebaki kitandani." Akakunja suruali akaingia kwenye matete, na matete yakamfunika. Sauti ikakatika ghafla, kama nilivyojua kwamba itakatika. Nilifumba macho kwa hasira. Kisha kikaja kicheko chake, kicheko kirefu cha mtu aliyepata zaidi ya alichotafuta.

"Fundi! Njoo umwone ndege wako. Amevaa gambuti!"

Hakuna aliyesogea.

"Njooni jamani, msiogope, haruki. Amevaa gambuti na kitenge!"

Basi watu thelathini wakapita matete kwa mstari, mimi wa kwanza, maana niliona ni haki. Upande wa pili palikuwa na bustani nzuri sana: kabichi, figiri, vitunguu vimepangwa kwa mistari iliyonyooka kama ya daftari langu. Katikati yake, juu ya pampu ya kukanyaga, mguu mmoja juu na mwingine chini, alikuwa amesimama Mama Namwinga. Ni mjane wa upande ule, amenizidi miaka michache. Mboga huzipeleka mwenyewe soko la Tunduma, na tulikuwa tunasalimiana tu. Alitutazama sote, akatazama darubini, akatazama sare za kwaya.

"Karibuni," alisema. "Lakini mmewahi. Mwalimu aliniambia bustani mtakuja jua likitoka. Ndiyo nilikuwa namwagilia ili mzikute mboga zimechangamka."

Mwalimu Kibona akajaribu. "Mama, samahani, hebu... hebu kanyaga kidogo."

Mama Namwinga akakanyaga. Mguu wa kulia, kwi. Mguu wa kushoto, yo.

Nafikiri kulikuwa na sekunde tatu nzuri ambazo mtu angeweza kusema jambo la heshima. Alizitumia Mwenyekiti Simbeye. Aliirudisha kofia kichwani, akanigeukia akaniuliza kwa upole kabisa:

"Mulamu, sasa dume ni mguu upi?"

Walicheka. Sijui niwaeleze vipi walivyocheka. Mwanakwaya mmoja alikaa chini kwenye vitunguu. Mgode alikuwa ametoa ile karatasi mfukoni, akaanza kuisoma kwa sauti ya katekista, mstari kwa mstari, na kila mstari ulikuwa unaniua upya: huja mwezi wa sita ("mvua zimeisha, lazima umwagilie!"), hulia mara arobaini kisha hupumzika ("mama naye anachoka!"), hutoweka mvua zikianza ("si ndiyo!"). Halafu akafika penyewe.

"Jumamosi halii!"

"Jumamosi?" akasema Mama Namwinga, ambaye mpaka hapo hakuwa ameambiwa kitu. "Jumamosi mimi nasali. Sisi ni Wasabato."

Hapo hata yule afisa aligeuka akashika mti. "Ndege Msabato!" Mgode alikuwa anafuta machozi. "Afisa, andika, mmegundua ndege Msabato!" Nilikuwa nimesimama na daftari kifuani, kurasa za miaka mitatu, na jambo nililolifikiri (nimejiuliza mara nyingi kwa nini lilikuwa hilo) ni kwamba bushi, zile pete za viungo vya pampu ile, zilikuwa zimekauka kabisa, na kwamba ningemwambia hivyo mteja yeyote akiwa mbali hatua kumi.

Mgode alipotulia akawa mtu wa kazi. "Basi, Mwenyekiti, ndege hakuna. Tuache mchezo. Hili bonde ni la yadi."

Mwalimu Kibona alikuwa anatazama chini. Nilitambua kwamba sikuwa nimejiaibisha mwenyewe tu. Nilikuwa nimechukua shauri lake lote nikaliegemeza juu ya ndege wangu, na sasa lilikuwa limeanguka nami.

"Yadi gani?" akauliza Mama Namwinga.

"Ya malori, mama. Hapa pote."

"Hapa?" Akashuka kwenye pampu. "Njoo, baba. Panda."

"Mimi?"

"Si umecheka pampu? Panda basi, kanyaga."

Watu wakamsukuma. Mgode akapanda, akakanyaga, na pampu ikamlilia kwi-yo vilevile kama ilivyokuwa inamlilia Mama Namwinga, watu wakashangilia, na mpira uliokuwa umelala kwenye figiri ukakohoa, ukatema maji mengi, safi, baridi, yakamwagika mpaka kwenye viatu vya afisa.

"Mwezi gani huu?" akauliza Mama Namwinga.

"Wa kumi," mtu akajibu.

"Mwenyekiti, kisima chako cha nyumbani kina maji?"

Mwenyekiti Simbeye hakucheka. "Kilikauka mwezi wa nane, mama. Unajua."

"Basi. Inapiga kelele kwa sababu ina cha kuvuta. Huko juu kwenu pampu ziko kimya zote." Akachukua mpira kutoka chini akaugeuzia kwenye kabichi, kama vile mazungumzo yamekwisha na maji hayafai kupotea.

Afisa akainama, akakinga mkono, akanywa. Kisha akatoa kalamu.

Wengine wakaenda kuendelea na bustani. Yangu pia ilikuwa kwenye ratiba, lakini niliomba wapite tu wenyewe, mlango uko wazi, chozi wanafika saa mbili kasoro. Mimi nilibaki bondeni nikijifanya natafuta kalamu. Nilitaka kumwomba radhi Mama Namwinga, na sikujua radhi ya nini hasa. Nilisema, "Mama, nimekuletea aibu bustanini kwako."

"Aibu gani? Watu wamecheka, wamenunua figiri." Alikuwa anakusanya mpira. Kisha akateremsha sauti, kana kwamba Mgode bado yuko karibu. "Usihuzunike, fundi. Wamekucheka, lakini ndege yupo."

"Yupo?"

"Yupo kweli. Upande ule wa kwenu, kwenye mkuyu au juu yake kidogo. Mimi nikichoka nasimama, na nikisimama tu, analia. Hivi." Akakaza midomo, akapiga mluzi, vibaya kidogo lakini bila shaka yoyote: fii-yu, fii-yu. "Akilia najua mapumziko yamekwisha, naanza tena. Toka mzee wangu atutoke, huyo ndiye ninayeanza naye siku. Hata leo, hamkumsikia? Nilikuwa najiuliza nianze au nisianze, akaniita."

Nilifungua mdomo. Naapa niliufungua. Nilikuwa na sentensi yenyewe, fupi, maneno matatu, na nilikuwa nimetoka kujifunza mbele ya watu thelathini gharama ya kutosema kitu kilivyo. Nikatazama uso wake, ukiwa umechangamka kwa sababu ya ndege yule, nikafikiria kicheko cha asubuhi hiyo kikimwangukia yeye sasa, kwa sauti yangu.

"Nitamtafuta," nikasema.

"Mwandike kwenye daftari lako. Huyo ni wa kweli." Kisha akaitazama pampu. "Wewe si ndiye fundi mizani? Hebu ipake grisi hii, isije ikakuponza tena."

Mtu akimwomba fundi grisi, fundi anapaka. Nilipanda nyumbani, nikachukua kopo, nikateremka, nikafungua kila kiungo, nikasafisha kutu, nikapaka vizuri, maana sijui kupaka vibaya. Alipopanda kujaribu, miguu ilikwenda juu na chini bila sauti yoyote. Maji tu ndiyo yaliyosikika. "Ee, sasa imekuwa nyepesi," alisema, akashukuru, akanipa kabichi.

Mkutano wa mtaa ulikaa wiki iliyofuata. Chemchemi na bonde, kuanzia mkuyu mpaka mwisho wa bustani, vimewekewa bikoni na havitauzwa; kipande cha juu kando ya barabara kimekwenda kwa malori. Mwalimu Kibona anasema ni ushindi. Ubao haukuondolewa, watu waliupenda. Mwenyekiti Simbeye kila tukikutana hunisalimia kwa kuinua mguu mmoja, kisha mwingine.

Mimi niliendelea kuamka saa kumi na moja na nusu. Nilikuwa nakaa dirishani na kusikiliza, na kutoka bondeni hakikuja kitu, kwa hiyo sikuwa na namna ya kujua kama yupo pale au hayupo, anakanyaga au amepumzika, na mluzi ukiupiga bila kujua unamjibu nani unakuwa ni mtu mzima tu anayepiga mluzi dirishani. Nikaacha. Chai nilikuwa nakunywa nimesimama.

Mwishoni mwa mwezi wa kumi na moja Mama Namwinga alipita kibandani na kikapu kichwani.

"Fundi, yule ndege wangu umempata?"

"Bado, mama."

"Amenikimbia. Toka siku ile ya wageni hajalia hata mara moja. Nafikiri alikuwa anaipenda ile kelele." Alitabasamu, akakiweka sawa kikapu. "Au walimtisha."

"Huenda amehama," nikasema. "Mvua zimekaribia. Wengine huhama."

"Atarudi?"

"Kiangazi, pengine."

Hiyo ndiyo aibu yangu. Ile nyingine, ya gambuti na dume ni mguu upi, mnaijua wote na nimewaachia. Hii ya pili hakuna anayeijua, na ndiyo inayoniamsha.

Nimejiwekea sharti, limeandikwa ukurasa wa kwanza wa daftari jipya: nikisikia sauti, nitaandika sauti. Na la pili sikuliandika, nawaambia ninyi tu. Mvua sasa zimekolea, pampu ya Mama Namwinga imelazwa chini ya kipande cha bati kinachovuja, nimekiona kutoka ng'ambo. Grisi niliyoipaka naijua. Ikilowa msimu mzima na ikakaa miezi bila kutumika, haifiki mwezi wa sita. Mwezi wa sita nitakuwa dirishani, na siku pampu ile itakapoanza tena kulia, akija kibandani kuniomba grisi, mimi fundi wa miaka ishirini na sita nitamtazama machoni na kumwambia kwamba imekwisha.